Vitambaa vya Altare

Praxeda alikuwa amefua na kupiga pasi vitambaa vya altare kwa miaka kumi na mmoja, na muda wote huo hakuna padri aliyeona kunyanzi. Nyumbani kwake Chumbageni kila kazi ilifanywa mara mbili: kwanza na binti yake, Precious, kisha na yeye mwenyewe. Precious akideki, mama alideki tena. Akiosha sufuria, mama alizisugua upya, akisema, "Mungu hatumikiwi kwa kazi ya kulipua."

Precious alipofika miaka kumi na mitano alikuwa ameacha kujitahidi. Alipitisha tambara katikati ya chumba, akaenda zake. Praxeda akawa anamwombea kila asubuhi aondolewe uvivu.

Siku chache kabla ya Pentekoste, Praxeda aliteleza kwenye ngazi za kanisa akavunjika mkono wa kulia. Akafungwa hogo zito la plasta. Ijumaa kapu la vitambaa lilikuwa mezani, naye hakutulia. Alikaa, akasimama, akajaribu pasi ya mkaa kwa mkono wa kushoto, ikamshinda.

"Precious," alisema, "vipige wewe."

Binti hakuinuka. "Ili uje urudie?"

"Nitarudiaje na mkono huu?"

"Utamwita mama mwingine wa kanisani." Precious aliongea taratibu, bila hasira. "Mama, humu ndani sijawahi kumaliza kazi. Mimi naianza, wewe unaimaliza. Sasa nihangaike ya nini?"

Praxeda alimsogezea kapu.

"Piga," alisema. "Vitakavyotoka ndivyo vitakavyokwenda."

Precious akawasha mkaa. Pasi haijapata moto, mama ameshasema mara nne: nyunyiza maji, anzia pembeni, angalia majivu, geuza. Precious akaiweka pasi chini, akamtazama tu. Praxeda akachukua kanga yake, akatoka.

Alikwenda kwa jirani yao mtu mzima, Bi Hafsa.

"Shikamoo, Bi Hafsa."

"Marahaba. Mbona wahema hivyo?"

Akamweleza. Bi Hafsa, aliyekuwa akichambua mchele, akamsogezea ungo. Praxeda alichambua kwa mkono mmoja, macho yakiwa kwenye dirisha la nyumba yake. Mara mbili alinyanyuka, na mara zote mbili Bi Hafsa alimwambia, "Kaa. Akiungua tutasikia."

Aliporudi alasiri, vitambaa vilikuwa vimekunjwa. Kwenye kile kikubwa, karibu na msalaba uliodariziwa, palikuwa na kunyanzi refu kama kidole.

"Hilo limenishinda," Precious alisema. "Nimelirudia mara tatu."

Mara tatu. Mkono wa kushoto wa Praxeda ulikwishanyooka kulielekea kapu. Akaurudisha.

"Lifunike kapu, lisiingie vumbi."

Jumapili hakusikia mahubiri. Macho yake yalikuwa altareni. Alipogeuka, alimwona Precious naye anatazama palepale, akiuma mdomo.

"Pasi ilikuwa imepoa," Precious alisema walipotoka. "Safari nyingine nitaanza na kile kikubwa, mkaa ukiwa bado mkali."

"Sawa," alijibu Praxeda. Alikuwa na mengine ya kuongeza: kitambaa kipigwe kikiwa na unyevu, darizi ipigwe kwa nyuma. Aliyameza njia nzima.

Hogo lilitolewa baada ya wiki sita, lakini hakulidai kapu. Siku za kupiga pasi, Precious akiwa ndani na mkaa wake, yeye hukaa uani, akainuka, akakaa tena.