Bastola Juu ya Barafu

Jumamosi ya pili ya Machi, saa tatu asubuhi, Oleta Sizemore alilipa dola nane mlangoni, akagongwa muhuri mgongoni mwa mkono, akaingia kwenye ukumbi wa maonyesho ya mifugo wa Kaunti ya Tolliver. Siku hiyo ukumbi ulikuwa wa soko la bunduki, ila harufu ya ng'ombe haikuwa imepewa taarifa. Kulikuwa na meza mia na ishirini, kahawa mbaya, na watu wanaosalimiana kwa bashasha huku kila mmoja akishika mfuko wake.

Oleta ni fundi bunduki. Watu humwita awakagulie bastola kuukuu kabla hawajatoa pesa, maana huku mashariki mwa Kentucky mtu atakuuzia bastola iliyoibwa kwa jirani yako na akuapie kwamba aliachiwa na marehemu babu yake. Kwa miaka ishirini na sita hakuwahi kumwamini muuzaji hata mmoja, na hilo halijawahi kumtia hasara.

Kwenye meza ya Arvil Swango, katikati ya visu na mikanda, aliona bastola ya jeshi, ile kubwa ya risasi za pointi arobaini na tano. Ilikuwa imelazwa juu ya taulo, na taulo lilikuwa limelowa.

"Barafu ya nini hapo chini, Arvil?"

"Chakula changu cha mchana, dada. Saladi ya viazi. Usipoiangalia inachacha."

"Saladi chini ya bastola?"

"Meza ndogo hii. Ungeniletea kubwa."

Oleta aliomba ruhusa ya kuishika, kwa sababu hapa hakuna anayegusa silaha ya mwenzake bila kuomba, hata kama anamchukia. Arvil akakata uzi wa plastiki uliofungia bastola. Oleta akatoa magazini, akavuta chuma cha juu nyuma mpaka kikanasa, akachungulia mahali pa risasi, kisha akaingiza kidole cha mwisho ahakikishe, kwa sababu macho nayo husema uongo. Ilikuwa tupu.

Alianza na rangi. Bastola ya jeshi ya mwaka 1943 ilitoka kiwandani ikiwa na rangi ya kijivu iliyofifia, yenye ukijani kidogo. Hii iling'aa kama kiatu cha kwendea mazishini. Kuna mtu aliyeisugua na kuichovya upya, na herufi za mali ya serikali zilizopigwa ubavuni zilikuwa zimelika kingo. Mkusanyaji angelipa dola elfu mbili kwa kile kijivu kichakavu. Kwa mng'ao huu angetoa mia tisa, tena awe ameipenda sana.

"Nani aliyeiosha?"

"Ilinijia hivyohivyo."

"Mtu hatupi nusu ya bei ya kitu chake bila sababu, Arvil."

"Labda alipenda ing'ae. Watu wengine wanapenda."

Akaigeuza upande wa kushoto. Chini ya kile kipini kinachonasa chuma cha juu palikuwa na alama ya upinde, nyembamba, iliyonusurika msasa. Mafundi huiita mkwaruzo wa mjinga. Huachwa na mtu anayeifungua bastola hii kuisafisha, halafu anakirudisha kipini kwa nguvu badala ya kukielekeza. Nusu ya bastola za aina hii zinao. Lakini huu ulikatizwa na mikwaruzo mingine midogo, minne, pale ambapo kijana wa miaka kumi na mitano alijaribu kuufuta kwa waya wa kusugulia masufuria kabla baba yake hajarudi. Kijana huyo alikuwa Lonzo, kaka yake Oleta. Baba yao alimchapa hata wiki nzima akawa anakula akiwa amesimama.

Oleta aliisoma namba ya bastola kwa kutimiza wajibu tu. Aliijua kwa moyo.

Lonzo alikutwa amekufa ndani ya gari lake kwenye barabara ya machimbo, miaka tisa iliyopita, na bastola hii sakafuni. Mwezi huo alikuwa akisema hadharani, kwa sauti kuliko ilivyofaa, kwamba vidonge vinavyokamatwa na ofisi ya sherifu vinarudi barabarani vikiwa na bei mpya. Fomu ya uchunguzi iliandikwa kwamba alijiua. Chini ya fomu kuna nafasi ya kujaza hali ya silaha, na mchunguzi alijaza: baridi.

Hapo ndipo penye jambo, kwa sababu bastola iliyoua hubaki na joto mpaka aliyeifyatua afe, na joto huzidi akikaribia. Anayejiua huondoka na joto la bastola siku hiyohiyo. Kila mtu wa kaunti yetu anajua hivyo kama anavyojua kwamba maziwa huganda. Kitabu cha bei kina safu yake kabisa: ya moto yenye karatasi ya mahakama kwamba muuaji alikuwa akijitetea, punguza asilimia kumi, ya moto isiyo na karatasi, elewaneni wenyewe.

Na bastola hii, ikiwa imetoka juu ya barafu sasa hivi, ilikuwa vuguvugu kiganjani mwa Oleta kama yai lililotoka chini ya kuku.

Alitaka kupiga kelele. Kwa miaka tisa Lonzo amelala nje ya uzio wa makaburi ya ukoo, peke yake na magugu, kwa kuwa mama yao, Zelma, alikubaliana na mchungaji kwamba aliyejiua asizikwe ndani. Oleta hakuomba haki, hakuwa mtoto. Aliomba kitu kimoja tu: kaka yake aingizwe ndani ya uzio. Ushahidi ulikuwa mkononi mwake, na ilimpasa aushike kama mtu anayeshika bidhaa mbovu.

Ndipo bastola ilipoanza kupanda joto.

Hakugeuka. Aliilaza juu ya taulo akajifanya anapangusa miwani. Barafu ikapasuka, taulo likatoa mvuke, kisha harufu ya pamba inayoungua. Jirani wa Arvil alivuta boksi lake la risasi upande wa pili wa meza bila kukatisha hadithi aliyokuwa akimsimulia mteja. Wengine wote waliona kuna kitu cha kutazama ndani ya vikombe vyao vya kahawa.

"Oleta," alisema Sherifu Denzil Maggard, akiwa na mkate wa soseji mkononi. "Unanunua?"

"Naangalia tu, Sherifu."

"Hiyo wameiharibu rangi."

"Nimeona."

"Mama hajambo?"

"Hajambo."

"Msalimie. Mwambie Mei nakuja kula kuku wake."

Akaenda zake akitafuna. Mvuke ukapungua kwa kadiri alivyosogea mbali, na alipotoka mlangoni taulo lilikuwa na shimo jeusi lenye umbo la bastola.

Arvil alijifuta jasho. "Nilikuwa nauza mia tisa na hamsini. Chukua kwa mia saba."

"Karatasi ya joto?"

"Haina."

"Kwa hiyo ulijua."

"Dada, mimi nilinunua sanduku zima kwenye mnada wa kaunti, wamesafisha stoo ya vielelezo. Sikumuuliza mtu, na wewe usiniulize. Nina wajukuu."

Alishuka mpaka mia sita na arobaini. Oleta aliona aibu kubishana bei juu ya damu ya kaka yake, lakini fundi asiyebishana bei angezua maneno kabla ya saa sita. Akajaza fomu ya mnunuzi wa silaha, Arvil akapiga simu ya ukaguzi, upande wa pili wakasema mama huyu hana rekodi mbaya.

Zelma alikuwa jikoni akitengeneza maua ya karatasi ya kupamba makaburi mwezi wa Mei. Ana miaka themanini na minne na bado anayachovya mwenyewe kwenye nta, moja moja. Oleta aliiweka bastola mezani. Mama akaweka kiganja juu yake.

"Ina joto," akasema.

"Ndiyo, Mama. Lonzo hakujiua. Kesho naipeleka kwa mchungaji, tumwingize ndani."

Mama alichovya ua jingine, akalining'iniza likauke.

"Nilijua."

"Ulijua tangu lini?"

"Tangu Denzil aliponiletea kofia ya Lonzo. Alikaa hapohapo ulipokaa. Akaniambia, Mama Sizemore, ulikuwa na watoto wawili, mmoja amejiua. Itakuwa huzuni kubwa na wa pili naye akijiua. Nikamuuliza kama anataka sukari kwenye kahawa."

"Mama. Miaka tisa umeniacha nikidhani unamwonea haya Lonzo."

"Umechukia?"

"Sana!"

"Chukia. Mtu anayechukia yuko hai. Na mchungaji usimpelekee kitu, mke wake ni binamu yake Denzil."

Oleta alilia, kwa hasira zaidi kuliko huzuni. Mama akamsogezea nta amsaidie.

Jumapili ya pili ya Mei ukoo ulipanda kilimani na majembe, maua na masufuria. Walipalilia makaburi yote, wakala kwenye meza ndefu chini, na kwa kuwa ulikuwa mwaka wa uchaguzi, Sherifu Maggard alikuja kushikana mikono. Asubuhi Mama alikuwa ameomba bastola akaiweka mapajani chini ya aproni. Oleta alipouliza ya nini, alijibiwa kwamba leo Lonzo naye atakaa mezani, na kwamba mtu mzima hahojiwi.

Sherifu alivuta kiti akakaa karibu yake. Alikula sahani mbili za kuku na matonge ya unga, akaeleza habari za barabara mpya, akataja majina ya wajukuu wa ukoo bila kukosea hata moja. Nta ilianza kuchuruzika kwenye maua yaliyokuwa karibu. Aproni ilitoa moshi mwembamba. Watu wakahamisha maua, wakarudi kwenye sahani zao.

"Joto leo, Mama Sizemore."

"Ndiyo Mei ilivyo."

"Huumwi popote?"

"Uzee tu, mwanangu. Ongeza mchuzi."

Aliongeza. Alikaa dakika arobaini kwa saa ya Oleta, ambaye alikuwa upande wa pili wa meza na hakuweza kusogea kwa sababu kila alipoinuka Mama alimtazama mpaka akakaa. Mwishowe sherifu alipangusa mdomo, akasema hakuna anayepika kama yeye, akakaribishwa mwakani.

Nyumbani Oleta alikata kitambaa kilichogandana na paja. Ngozi ilikuwa imetoka nacho.

"Mbona hukuitupa chini, Mama?"

"Angeiona. Angejua nani kaileta."

"Ungeniita!"

"Ningekuita," alisema Zelma, "ungekuja."

Oleta akampaka dawa, akafunga bandeji, polepole, kama alivyoelekezwa. Wiki iliyofuata kaunti ilipiga kura za mchujo, na Sherifu Maggard akapita bila kupingwa.