Diski Iliyonyimwa Muda wa Kulala

Upande wa Sosiot radi za alasiri hazina mzaha, na kila nyumba yenye stima ina desturi moja: mawingu yakikusanyika, plagi zote huchomolewa ukutani. Ndivyo alivyofanya Mzee Chepyegon siku ile akitumia kompyuta kuhamisha jumbe za sauti za marehemu mkewe, Rodah, kutoka kwenye simu hadi kwenye diski ya mezani. Radi ilipopiga, alifunga kifuniko cha kompyuta, akachomoa waya wa diski, akaenda kukama.

Tangu hapo diski ilikataa kufunguka. Nyumba ikawa kimya mno, maana jumbe hizo ndizo alizokuwa akisikiliza akinywa chai.

Nelvine, fundi wa kompyuta kutoka Kericho, alihangaika nayo hadi ikaanza kuvuma.

"Mzee, ulidhani kufunga kifuniko ni kuzima?"

"Si ilinyamaza?"

"Ilikuwa inaenda kulala. Ndani kuna programu, tunaiita draiva, inayoongea na diski. Kabla ya kulala, draiva huiambia diski: maliza kuandika ulichoshika, kisha acha kuzunguka. Wewe ukaikatia stima kalamu ingali mkononi!"

"Na radi je, mama? Ningeiambia ingoje?"

Nelvine akacheka. "Ungengoja taa hii ndogo izime. Na ikiamka, usiiharakishe. Draiva huingoja diski izunguke sawasawa ndipo iiulize kitu. Hata wewe ukiamshwa ghafla huwezi kujibu vizuri."

"Siku hizi hakuna wa kuniamsha."

Nelvine aliinamia kompyuta. Sauti zote zilikuwepo, isipokuwa ile ya mwisho.

"Hii imebaki nusu, mzee. Kompyuta ilidhani imeshaandikwa, ikaifuta kwenye simu. Nusu ya pili haikufika popote. Pole sana."

"Kaa basi unywe chai."

"Siku nyingine. Gari la Kericho litaniacha."

Alipoondoka, Chepyegon alivuta kiti, akaifungulia ile nusu. Rodah alikohoa kidogo, kisha akasema: "Baba Kipruto, nikitoka huku hospitali nataka tu..."

Akairudia. Akajaribu kuimalizia mwenyewe: maziwa lala ya mursik, kiti cha karibu na moto, kwenda kumwona dadake Londiani. Hakuna lililotoshea. Mwishowe akageuza uso kuelekea jikoni, akasema kwa sauti, "Unataka nini, Rodah?" na akakaa akisikiliza.