Guru Aliyeingia Hekaluni Bila Mguu

Usiku wa jana niliota nimo hekaluni, nimekaa kitako mbele ya sanamu ya mungu wetu Ganesh, namwombea bibi yangu, ambaye sisi tunamwita Ba. Jana mchana alipasuliwa jicho. Wamemfunga bandeji macho yote mawili, na anaogopa giza. Alinipigia simu shuleni: "Dikra, mwanangu, nisomee mala, tasbihi yetu, shanga zote mia na nane, nipate utulivu. Akili isizurure." Niliahidi. Mimi huahidi vizuri sana.

Nafika shanga ya tatu, akili inatoka nje kuangalia viatu vyangu mlangoni. Ni vipya. Shanga ya tisa inakwenda tena. Shanga ya arobaini imeshahamia huko.

Kiatu cha kushoto kinaingia, kinagonga kengele ya mlangoni kama muumini yeyote mwenye adabu, kinakaa mbele yangu.

"Umenitafakari dakika ishirini bila kuchoka," kinasema. "Mimi ndiye guru wako, mwalimu wa roho yako. Nisujudie, niguse miguu."

Nakieleza kwa heshima kwamba hakina miguu, miguu ninayo mimi.

"Basi jiguse."

Najigusa.

Lakini Ba alinifunza kwamba guru hachaguliwi kwa kung'aa. Hupimwa kwanza, kama chungu kinavyogongwa kabla ya kununuliwa. Nakigonga. Kinalia vizuri. Nakiuliza kama kimeshinda hasira. Kinasema humuuma tu mtu asiyevaa soksi. Na tamaa je? Kinafikiri, kisha kinakiri kwamba kila Jumapili hutamani kiwi.

Namalizia kwa kuuliza, nikikifuata kitanipeleka wapi.

"Unakokwenda mwenyewe. Mimi ni kiatu," kinasema. "Kwa hiyo niache hapa. Mwalimu anayekukalisha umtazame yeye huku bibi yako anangoja, huyo ni kiatu, hata awe na ndevu."

Nasimama. Sigeuki nyuma, ingawa shingo inaomba ruhusa.

Mlango wa hekalu unafungukia wodini. Shanga zimekuwa vigae vya sakafu, na kila kigae ninachokanyaga nataja jina la Ganesh kwa ajili ya Ba. Kigae cha kumi na mbili kinalalamika kwamba napita kama mtu anayewahi uji. Narudi mwanzo. Safari hii nakwenda polepole, na nashangaa kwamba simfikirii mtu mwingine wala kitu kingine.

Kigae cha mia na nane kiko ubavuni mwa kitanda. Ba ameshika shuka kwa mikono yote miwili. Nasimama tu. Kidole kimoja kinaachia, halafu cha pili, halafu vyote.

Nikaamshwa na matroni wa bweni. Kuna simu yako ofisini, alisema, na usije hivyo, na nguo za kulalia.

Alikuwa Ba. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeshiba usingizi. Alisema bandeji zinafunguliwa saa nne na haogopi tena.

"Ila sakafu ya hospitali ni baridi, dikra," akasema. "Mbona ulikuja peku?"