Mkono wa Kulia wa Klarineti

Kiharusi kilimpata mwalimu Eliufoo mwezi wa nne, akiwa shambani anapalilia tangawizi. Alilazwa wiki tatu. Aliporudi nyumbani Mbaga, mdomo ulikuwa umeanza kunyooka na maneno yanatoka, ingawa polepole. Mkono wa kulia ndio uliokataa katakata. Ulining'inia ubavuni kama si wake.

Mkewe, Esta, alimwogesha, akamlisha, akamkanda mkono asubuhi na jioni kama alivyoelekezwa hospitali. Hayo hayakumshinda. Kilichomshinda ni kimya cha mumewe. Kwa miaka thelathini na mmoja Eliufoo alipiga klarineti kwenye bendi ya usharika wa kanisa lao, na kila Jumamosi baada ya chakula cha mchana alikaa barazani kufanya mazoezi. Sasa Jumamosi ikifika, alikuwa anaomba asaidiwe kwenda kulala.

Mwezi wa nane Esta aliliteremsha sanduku la klarineti kutoka juu ya kabati, akaliweka mezani. Miaka yote hiyo alikuwa akilipangusa vumbi tu, hajawahi kulifungua.

"Nielekeze, Baba Devotha," alisema.

Eliufoo akauliza ya nini, na mkono wenyewe haupo. Esta akamjibu kwamba hajauliza habari za mkono, ameuliza kinaanza kipi.

Akalifungua sanduku, na mzee akanyoosha kidole cha mkono wa kushoto. Vipande vilikuwa vitano, kila kimoja kimelala mahali pake. Cha kwanza kengele, ile ya chini kabisa iliyopanuka kama ua la boga. Juu yake hukaa kiwiliwili cha chini, chenye matundu ya mkono wa kulia, halafu kiwiliwili cha juu, cha mkono wa kushoto. Hufuata pingili fupi nene iitwayo kipipa, na mwisho kabisa mdomo wa kupulizia, ambao hufungiwa ulimi mwembamba wa tete kwa bangili ya chuma. Penye maungio pamevishwa gamba laini, kama la kizibo cha chupa. Esta akalipaka mafuta ya mgando ili lisichubuke.

Kengele iliingia bila taabu. Alipofika kwenye viwiliwili viwili, akavisukuma kama mtu anayetia mpini kwenye jembe. Chuma kikalia. Kijichuma kinachounganisha vibonyezo vya juu na vya chini kilikuwa kimepinda.

Eliufoo hakumkaripia. "Kosa ni langu," alisema, neno moja moja. "Ungebonyeza kwanza kibonyezo cha juu, kijichuma kikanyanyuka. Ndipo uzungushe, taratibu."

Esta akaenda jikoni, akakaa kwenye kigoda mpaka machozi yakamkauka.

Jumatatu akapanda gari kushuka mjini Same. Fundi wa klarineti hakuna, ila karibu na soko yupo Jabiri, fundi saa. Jabiri akamwamkia, akakigeuza kile kitu huku na huku, akakiri kwamba hajawahi kukiona. Esta akamweleza kama alivyoelezwa: hiki cha juu kikishuka, cha chini nacho hufuata. Fundi akatikisa kichwa kukubali. Kufuatana kwa vyuma alikujua. Akafunga kitambaa kwenye koleo dogo, akakinyoosha kijichuma kidogokidogo. Hakumruhusu aondoke mpaka Esta mwenyewe alipoiunganisha klarineti na kuikongoa vipande mara tatu mbele yake.

"Mama, bonyeza kwanza," alimkumbusha kila mara.

Jumamosi iliyofuata Esta aliiunga barazani, akaiegemeza kengele kwenye goti la mumewe, akamtia mdomo wa kupulizia kinywani. Sauti ya kwanza ilikuwa ya bata. Ya tatu ikawa ya klarineti. Mkono wa kushoto ulikuwa bado unajua kazi yake, lakini kila wimbo uliposhuka chini, ulimwishia njiani. Mara ya nne Eliufoo akaitoa kinywani na kugeuza uso.

Esta akavuta kigoda, akaketi kulia kwake, akaweka vidole vitatu juu ya matundu matatu ya chini. Nyimbo alizijua, alikuwa kwaya tangu akiwa msichana. Asichojua ni tundu lipi na lini.

"Ziba vizuri," Eliufoo alisema. "Ukiacha mwanya, inapiga kelele."

Ilipiga kelele wiki nyingi. Mbuzi wa jirani walikuwa wanauhama ukuta wa baraza. Lakini kufikia sikukuu ya mavuno walikuwa na nyimbo mbili, na mwalimu wa bendi akawapa benchi la pembeni kanisani. Ubeti wa pili kidole cha Esta kilichelewa, sauti ikakwaruza, na binti yao Devotha, aliyekuwa na kwaya, akainamisha kichwa. Eliufoo hakukatisha wimbo. Alivuta pumzi, akaendelea, na Esta akamdaka kwenye mstari uliofuata.

Baada ya ibada mwalimu wa bendi alimuuliza Eliufoo kama wataweza kuja mazoezini.

"Mimi sina neno," alisema Eliufoo. "Muulize Mama Devotha."

Esta akasema watakuja, ila watafutiwe benchi lenye egemeo, maana yeye mgongo unamuuma, na siku za soko wasimtegemee.