Kipaimara Amelala Chini

Tangu alfajiri Kipaimara alikuwa amelala, hataki kusimama. Mama Hilaria alimsukuma kwa bega, akambembeleza, akamtukana kidogo, akamwekea majani mabichi ya mgomba mbele ya pua, wapi! Ng'ombe alikuwa amekunja shingo kuelekea ubavuni, masikio ya baridi. Ndama wake wa jana alikuwa pembeni akilia njaa.

Jina hilo alilipata kwa sababu aliletwa hapa Kibosho siku binti wa mwisho wa Hilaria alipopokea kipaimara. Paroko alicheka aliposikia, lakini jina likabaki. Miaka saba sasa maziwa ya wajukuu yanatoka kwake, na samadi ya migomba na kahawa inatoka kwake. Tangu mume afariki, ndiye anayesikiliza malalamiko ya Hilaria kila asubuhi, na tuseme ukweli, anasikiliza vizuri kuliko marehemu.

Simu ya Flavia, afisa mifugo wa kata tatu, iliita bila kupokelewa. Hilaria akadandia bodaboda na mabuti yake ya bandani mpaka ofisini. Akamkuta binti wa watu amesimamishwa uwanjani nyuma ya meza yenye kitambaa cheupe, anamsubiri mgeni mkubwa. Mezani kulikuwa na chupa sita za kalsiamu, akiba yote ya kata tatu, zimepangwa mstari, lebo zinatazama mbele.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, Dokta. Kipaimara amelala chini, hainuki."

"Alizaa lini?"

"Jana asubuhi."

"Na ulimkamua?"

"Yote! Mpaka tone la mwisho," Hilaria akasema kwa fahari. Kwao ng'ombe akizaa, dang'a, yale maziwa mazito ya kwanza, inachemshwa na kila jirani anaonja. Nani anataka kuitwa mchoyo kijiji kizima?

Flavia akafumba macho. "Mama jamani! Ng'ombe mwenye maziwa mengi hakamuliwi yote siku za mwanzo. Kalsiamu yote imemwishia mwilini. Asipopata dawa mchana huu, tumempoteza."

"Si hizo hapo?"

Kabla Flavia hajajibu, mkuu wake, Bwana Julius, alishafika, tai imemkaba shingo. "Hakuna chupa inayotoka hapa kabla mgeni hajaziona. Taarifa inasema dawa zipo, basi azikute."

"Bosi, ng'ombe anakufa."

"Asubiri kidogo. Mgeni yuko njiani."

"Mlisema saa tatu. Sasa hivi saa tano."

Julius akageuka kwenda kupanga viti. Flavia alimtazama Hilaria, akatazama yale mabuti yenye samadi, akanyakua chupa mbili na begi lake. Mimi huyu binti nampenda, sifichi.

Bandani alizipasha chupa kwenye sufuria ya maji ya uvuguvugu, akatafuta mshipa wa shingo, akachoma sindano. Mkono mmoja umeinua chupa, mwingine umebana kipimo cha moyo kifuani mwa ng'ombe. Dawa hii haina haraka. Ukiikimbiza, moyo unasimama. Simu ikaita mfukoni mara tatu. Ataipokea kwa mguu?

Hilaria alikuwa amepakata kile kichwa kizito. "Kipaimara mama, usiniache. Nimekukosea, nisamehe."

Majirani walijaa mlangoni, wale wale walioonja dang'a jana, wana aibu kana kwamba wao ndio waliokamua.

Chupa ya pili ilipokwisha, ng'ombe akatetemeka mwili mzima. Akacheua. Akatoa kinyesi, na hakuna kinyesi kilichowahi kushangiliwa vile Kibosho. Kisha akainua matako, akayumba, akasimama kwa miguu minne. Ndama akavamia chuchu.

"Ee Mama Maria!" Hilaria alicheka huku analia, akamkumbatia Flavia na samadi zake zote.

"Anyonye, na wewe ukamue kidogo tu. Majirani wakisema, waseme."

"Hatusemi, Dokta!" wakajibu mlangoni.

Ndipo Flavia akaitoa simu. Ujumbe wa Julius ulikuwa mfupi: mgeni ameona meza ina pengo na haina mtu, barua ya kujieleza iletwe leo kabla ya saa kumi.

Aliomba karatasi, akapewa ya daftari la mjukuu. Akakaa ukingoni mwa hori, akaandika upesi, akamsomea mama wa watu aliyekuwa amemkodolea macho. "Niliondoka mezani bila ruhusa kwa sababu ng'ombe alikuwa anakufa. Akianguka mwingine, nitaondoka tena."

"Hilo la mwisho lifute, mwanangu. Watakuhamisha. Sisi watatuletea nani?"

Flavia akaikata ile sentensi kwa mstari mmoja, akaandika chini yake, kisha akasoma kwa sauti ndogo: "Naomba radhi. Halitajirudia."

Hilaria akanyong'onyea. "Halitajirudia?"

"Hiyo ni ya kwao, mama," Flavia akasema, akikunja karatasi. "Wewe ukinipigia, nakuja."