Mtu wa Kwao Namba Sita

Uani kwetu Ndirande siri haikai hadi chai ipoe. Ndiyo maana redio iliposoma majina ya vijana wetu wa chini ya miaka kumi na saba, waliotinga fainali ya kombe la nchi za kusini, na ikamtaja Yankho Maloya, namba sita, mimi nilitoka na mwiko mkononi hadi mlangoni kwa Waisoni Maloya, fundi viatu.

"Wee Waisoni! Kina Maloya wangapi Malawi hii wana mtoto anaitwa Yankho?"

Akatokeza kichwa. "Ni yeye," akasema, akarudi ndani. Basi. Mtu mtoto wake anachezea taifa, naye anajibu kama aliyeulizwa kama mvua itanyesha!

Lakini habari zake tulizijua. Kwetu kusini mwanamume ndiye anayeolewa. Anahamia kwa mkewe, anajenga, analima, anazaa, na watoto ni wa ukoo wa mama. Mwenye sauti juu yao ni mjomba. Mke wa Waisoni alipofariki, wakwe walimkunjia mkeka wake, wakampa mkononi. Hapo huulizi. Ukishashika mkeka, unajua njia ya kwenu. Yankho alikuwa bado anabebwa mgongoni. Akabaki kwa mjomba wake, Mbukwa, huko Thyolo. Waisoni akaja mjini na mkeka wake, na mpaka leo anaulalia, ilhali kitanda anacho.

Siku ya pili redio ikaongeza jambo: kabla ya fainali, kila mchezaji atavalishwa jezi na mtu wa kwao, katikati ya uwanja, watu wote wakiona. Uani hapakulalika.

"Kaka, njoo nikunyoe bure," Foni kinyozi alimwita. "Hutaki kwenda kwenye televisheni na ndevu kama beberu!"

"Atakwenda mjomba wake."

"Mjomba alimzaa?"

"Foni, wewe pia umeolewa. Ngoja siku wakukunjie wako, ndipo uniulize."

Tukacheka. Lakini jioni Waisoni alikuja kwangu kununua mandazi, nayo yalikuwa yamekwisha, akabaki amesimama tu.

"Mama Tisungeni, mimi sijawahi kumvisha yule mtoto hata shati," akaniambia. "Niliwahi kumpelekea sweta kupitia kwa mshenga. Sijui hata kama ilimtosha." Akapangusa mikono kwenye aproni, ingawa haikuwa na kitu. "Ningemvisha mara moja tu. Hiyo jezi."

"Si umpigie simu Mbukwa, umwombe?"

Akanitazama kama niliyetukana. Na kweli nilitukana. Neno la wakwe halipigiwi simu. Linakwenda kwa mshenga, na anayetangulia kulituma ni mwenye mtoto, si aliyekunjiwa mkeka. Waisoni akangoja. Kila mgeni aliyebisha hodi uani, yeye alisimamisha nyundo.

Mshenga hakuja.

Siku ya fainali tulitoka asubuhi na mapema, nyumba nzima, ili tuwahi nafasi. Na watoto, na vikongwe, na mbwa wa Foni aliyerudishwa njiani kwa mawe. Tukafunga lango la uani kwa kufuli, jambo ambalo sikumbuki limewahi kutokea. Waisoni alibeba mkeka. Akautandika kwenye saruji upande wa jua, tukabanana juu yake, mimi na ndoo yangu ya mandazi mapajani. Ng'ambo, kwenye hema la wageni, tulimwona Mbukwa ndani ya koti, amekaa wima kama kigingi.

"Si unaona?" Waisoni akasema. "Amekuja."

Wakaanza kuita. Namba moja, akashuka mama yake anacheza. Namba mbili, bibi mmoja akajikwaa, uwanja mzima ukasema pole. Kisha: "Namba sita, Yankho Maloya! Na mtu wa kwao!"

Mtoto akasimama peke yake pale kati, fulana ya ndani, mikono ubavuni. Mrefu. Miguu ya baba yake hasa, hata asiyejua angejua.

Mbukwa hakunyanyuka.

Mwitaji akarudia. Watu wakaanza kugeuza shingo. Yankho akageuka, akatazama upande wetu, akainua mkono juu ya macho.

"Nenda!" Foni akamsukuma Waisoni. "Nenda, mwanamume, mtoto anaaibika!"

"Mwenyewe yuko pale."

"Mwenyewe amekaa!"

"Labda miguu inamsumbua. Nikishuka mimi, nitakuwa nimemvua nguo mtu mzima mbele ya nchi. Subirini, atasimama."

Nilimshika mkono. Nikamvuta, lakini makalio yake yalikuwa yameganda kwenye ule mkeka. Mwishowe kocha akachukua jezi, akamvisha mtoto harakaharaka, kama mtu anayeanua nguo mvua ikikaribia, akaita namba saba.

Tuliwafunga Zambia moja bila. Mpira ulioleta goli ulitoka mguuni kwa Yankho. Nilipiga kelele mpaka sauti ikakauka, Foni akabebwa na watu asiowajua, na Waisoni alipiga makofi akiwa amekaa. Kisha akatuomba tusimame kidogo, akakunja mkeka.

Tulirudi tukiimba. Tukakuta mzee ameketi nje ya lango lililofungwa, jogoo kwenye kikapu kando yake. Waisoni akaacha kutembea. Yule alikuwa Mzee Kalilombe, mshenga wa wakwe zake.

"Nimebisha hodi tangu asubuhi," mzee akasema. "Ndirande nzima imehama leo?"

Hakuna aliyecheka. Tukamfungulia, Waisoni akamtandikia mkeka uleule, nikamletea togwa. Alipomaliza kunywa, akasema neno lake lote kama alivyotumwa, maana mshenga hapunguzi.

"Mbukwa anakusalimu, shemeji yake. Anasema, mtoto ameomba jezi avalishwe na wewe. Naye ameridhia. Anasema atakuja uwanjani akae tu, asikuzibie njia."

Watu wa uani wote wakamgeukia Waisoni. Jogoo alikuwa akikwaruza kikapu.

"Alitazama upande wetu," Waisoni akasema taratibu. "Nikadhani anakwepa jua."

"Nirudi na neno gani?" mzee akauliza.

Waisoni akatazama miguu yetu iliyouzunguka mkeka. Anashona viatu vya nusu ya soko, anajua kila mguu wa Ndirande, wenye kidole kilichopinda na wenye kisigino kilichopasuka.

"Mwulize mtoto anavaa kiatu namba ngapi."

Mzee Kalilombe akaitikia kwa kichwa, akijiwekea neno lile moyoni.

"Nitamwuliza Mbukwa," akasema. "Yeye ndiye atakayemwuliza mtoto."

"Ndiyo," akasema Waisoni. "Ndivyo."

Foni akamchukua jogoo. Tukawasha moto, watu wakajaa tena kelele, kombe ni kombe. Waisoni alileta kiti chake akaketi katikati yetu, na kila aliyebisha hodi kuja kutupongeza, yeye aligeuka kutazama lango.