Nyota Zenye Mikia

Picha ya kwanza ya darubini kubwa ilipotoka, nyota zote zilikuwa na mikia kama viluwiluwi.

Asubuhi hiyo wakuu wa vikundi walikusanyika kwenye chumba cha mikutano kule mlimani, kila mmoja na utetezi wake. Mtu wa kioo alisema kioo hakina dosari. Mtu wa kamera akasema kamera yake ndiyo usiseme.

"Basi nyota ndizo zenye makosa," alisema mhandisi wa mifumo.

Mhandisi huyo walimpa jina la Bi Mshono, kwa kuwa kazi yake haikuwa kioo wala kamera, bali pale vinapokutana. Mtu wa kamera alikuwa shemeji yake, mdogo wa mumewe. Nyumbani walitaniana mpaka mama mkwe akawafukuza jikoni.

Bi Mshono aliomba kila kitu kizimwe, kisha kiwashwe kimoja kimoja, huku kipima mtikisiko kimebandikwa mgongoni mwa kioo. Feni zikawashwa, kimya. Mota za paa la kuba, kimya. Ilipowashwa pampu ya kupoza kamera, mstari kwenye skrini ukaruka.

"Pampu yangu imo ndani ya kiwango mlichonipa," alisema shemeji.

"Imo. Na kioo kimo ndani ya chake. Ila pampu inatikisika kwa mwendo uleule unaokiamsha kioo, nacho kikitikisika nyota zinaota mikia. Kila kimoja kizima, vikikaa pamoja vinaugua. Pampu iteremke chini, ipate msingi wake peke yake."

Alijua anachoomba. Kamera ingefunguliwa upya, na sherehe ya ufunguzi ingeahirishwa. Shemeji alikuwa ameshamwahidi baba yake kumleta siku ile, na moyo wa mzee haukuwa wa kutegemewa.

"Kwa nini wasibadilishe miguu ya kioo? Kila siku niumie mimi?"

"Kioo kitatuchukua mwaka mzima. Wewe ni miezi tu."

Shemeji akakubali, lakini utani ukafa. Hata mezani alimwomba chumvi kama anayeongea na mgeni. Bi Mshono akawa anajiuliza: je, alimbana upesi kwa sababu hesabu ilisema hivyo, au kwa sababu ndugu husamehe, mtu baki hasamehi? Hesabu aliirudia, ikatoka vilevile. Roho haikutulia.

Kazi ya kuhamisha pampu ikiendelea, mzee akalazwa hospitali, akatoka dhaifu. Kupanda mlima ikawa ndoto. Kwa hiyo picha mpya ilipotoka, nyota zimechongoka kama ncha za sindano, shemeji aliichapisha kubwa, akaenda na Bi Mshono kitandani kwa baba yake.

Mzee aliitazama kwa muda mrefu. "Hivi vidoa ndivyo vilivyowachelewesha?"

"Ndivyo, baba," wakajibu.

"Ni vingi," akasema, akaendelea kutazama.

Walipotoka nje, shemeji alisimama mlangoni. "Bado nina hasira kidogo."

"Una haki."

"Darubini ijayo, tukae wote chumba kimoja kabla sijanunua hata bomba."

"Nami nitakuja na mtu wa kioo," akasema Bi Mshono, "hata kwa kumburuta."